Figo ya Ndugu Katika Siku za UVIKO-19

Familia ya Bonde la Kilombero inapoambiwa kwamba figo zote mbili za ndugu yao zimeshindwa kazi, hesabu ya kwanza inayofanywa ni ya nauli. Kutoka Mlimba au Malinyi hadi Ifakara, kutoka Ifakara hadi Mikumi, kutoka Mikumi hadi Morogoro, na kutoka hapo ama kwenda Dodoma ama Dar es Salaam. Hospitali zetu za hapa bondeni, ikiwamo ile ya Mtakatifu Fransisko iliyowalea wengi wetu, hutibu mengi. Lakini upandikizaji wa figo hapa nchini hufanyika mahali pawili tu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza Novemba 2017 kwa kushirikiana na wataalamu kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018 kwa msaada wa madaktari wa Japani. Kabla ya hapo Mtanzania aliyehitaji figo alipanda ndege kwenda India pamoja na ndugu aliyekubali kumpa, na wengi wasio na uwezo huo hawakupanda chochote.

Tunaandika mwishoni mwa mwaka huu wa 2021, wakati ambapo jambo hili limekuwa gumu zaidi ya lilivyokuwa. Machi 2020 India ilifunga anga lake kwa ndege za abiria za kimataifa, na mwezi uliofuata Tanzania nayo ikasimamisha safari hizo hadi Mei 18. Mlango wa ng'ambo ukafungwa kwa pande zote mbili. Ulipofunguka, India yenyewe iliingia katika wimbi la Aprili na Mei mwaka huu, ambalo tulilishuhudia katika taarifa za habari: wagonjwa wakikosa hewa ya oksijeni nje ya malango ya hospitali. Uamuzi wa kuanzisha huduma hii nyumbani, ambao mwaka 2017 wengine waliuona kuwa ni fahari ya taifa tu, umegeuka kuwa tegemeo.

Hata hivyo, kuwa na huduma nyumbani hakukumaliza shida. Utafiti uliochapishwa mwaka huu ukihusisha nchi 22 unaonesha kwamba upandikizaji wa viungo ulipungua kwa takriban asilimia 16 katika mwaka wa 2020, na ulioathirika kuliko yote ni upandikizaji wa figo kutoka kwa watu walio hai. Sababu yake inaeleweka. Ini au moyo wa marehemu haungoji. Figo ya ndugu aliye hai inaweza kungoja. Daktari anayeombwa kumpasua mtu mzima wa afya, asiye na ugonjwa wowote, katika jengo lilelile wanamolazwa wenye UVIKO-19, ana haki ya kusita. Akimwambukiza, amemdhuru mtu ambaye hakuja kutibiwa bali alikuja kutoa.

Lakini kungoja nako si salama, na hapa ndipo tunapoona ugumu wenyewe. Anayengoja figo husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara kwa saa zipatazo nne, katika ukumbi mmoja na wenzake. Mtu huyu hawezi kutii agizo la kukaa nyumbani. Akikaa nyumbani wiki mbili, atakufa kwa maji na sumu zilizojaa mwilini kabla virusi havijamfikia. Akipandikizwa, ataondoka katika ukumbi ule, lakini atameza kila siku, kwa maisha yote ya figo ile, dawa za kushusha kinga ya mwili ili mwili usiikatae. Na kinga iliyoshushwa ndiyo virusi vinayoitafuta. Takwimu za Ulaya za mwaka 2020 zilionesha kwamba kati ya wagonjwa wa kusafishwa damu waliopata UVIKO-19, takriban mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku 28. Na kwa waliokwisha kupandikizwa, uwiano ulikuwa karibu uleule. Hatari iko kwa anayengoja na kwa aliyekwisha kupokea.

Hapa nchini tulikuwa na ugumu mwingine. Tangu Mei 2020 takwimu za maambukizi hazikutangazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika misiba tulisikia habari za nimonia na za changamoto ya upumuaji. Januari 26 mwaka huu Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, aliwaandikia waamini akiwatahadharisha juu ya wimbi jipya. Na mwezi Machi Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike wapatao 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili. Tunayakumbusha haya kwa sababu ridhaa ya mchangiaji wa figo hutegemea ukweli. Ndugu anapoulizwa kama yuko tayari kulazwa wiki hii, ni lazima ajue ugonjwa umeenea kiasi gani katika mji anakokwenda kupasuliwa. Asipojua, ndiyo yake inakuwa na pengo.

Ridhaa hiyo si urasimu wa hospitali. Mama Kanisa analitazama tendo la kutoa kiungo kwa heshima kubwa: Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Injili ya Uhai wa mwaka 1995, alilihesabu kuwa miongoni mwa matendo ya ushujaa wa kila siku yanayojenga utamaduni wa uhai. Lakini Kanisa lileile, katika Katekisimu namba 2296, linaweka masharti: mtoaji awe ameridhia waziwazi, hatari anayoibeba ilingane na mema yanayotafutwa, na asilemazwe wala kuuawa ili mwingine aongezewe siku. Baadhi ya wanateolojia wa karne iliyopita walijiuliza kama ni halali hata kidogo kuukata mwili mzima kwa faida ya mwili mwingine. Jibu lililokubalika ni kwamba Muumba ametupa figo mbili, na moja inatosha. Inayobaki hukua kidogo na kuchukua kazi ya mwenzake. Upasuaji wa kwanza uliofaulu, Desemba 23, 1954 huko Boston, ulikuwa kati ya pacha wawili wanaofanana, na Joseph Murray aliyeuongoza alikuwa Mkatoliki ambaye baadaye aliteuliwa kuwa mjumbe wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Hatari ya kifo kwa mtoaji imepimwa kuwa karibu watu watatu katika kila elfu kumi. Ni ndogo, lakini ipo, na janga limeiongezea uzito.

Sasa tuitazame ndiyo hiyo jinsi inavyopatikana kwetu. Kikao cha ukoo kinaitwa, wazee wanakaa, mgonjwa yuko ndani anasikia. Mmoja anasema, "Mdogo wake bado hana familia, atoe yeye." Au wanageukia mke, au dada aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Katika nchi nyingi zinazotunza kumbukumbu za jambo hili, wanawake ni wengi zaidi miongoni mwa wanaotoa figo, na wanaume ni wengi zaidi miongoni mwa wanaopokea. Baadhi ya tofauti hiyo ina sababu za kitabibu. Hatuamini kwamba yote ni hivyo. Mtu anayesema ndiyo mbele ya wajomba na baba zake wadogo kumi hajaulizwa kwa uhuru. Ndiyo maana hospitali makini humhoji mtoaji peke yake, na akisita humpa njia ya kutoka bila aibu, kwa kuwaambia ndugu tu kwamba vipimo havikumfaa. Paroko anayeitwa kuombea kikao cha namna hii angefanya vema kuomba nafasi ya kuzungumza na kijana huyo kando, kabla ya baraka.

Kuhusu biashara ya figo tuseme kwa ufupi: Kanisa linaikataa, na jamii ya madaktari duniani iliikataa katika Azimio la Istanbul la mwaka 2008. Umaskini ulioongezwa na janga unawafanya madalali wawe na maneno matamu zaidi.

Kwa waliokwisha kupandikizwa, chanjo iliyozinduliwa nchini Julai 28 ni jambo la haraka, na vilevile kwa wale wanaoishi nao nyumba moja, kwa sababu mwili wenye kinga iliyoshushwa huenda usiitikie chanjo ipasavyo. Baba Mtakatifu Fransisko alisema mwezi Agosti kwamba kuchanjwa ni tendo la upendo. Kwa mke wa mgonjwa wa figo neno hilo ni la kawaida kabisa. Na hili la nyungu: hatuwadharau waliojifukiza, wengi wetu tulifanya hivyo. Lakini dawa za mitishamba za kunywa, hata zile zilizosifiwa sana mwaka jana, zinaweza kuvuruga kiwango cha dawa za kulinda figo mwilini. Mgonjwa asinywe chochote kabla ya kumuuliza daktari wake.

Linabaki suala la shamba. Mtoaji hukatazwa kunyanyua vitu vizito kwa muda wa wiki nne hadi sita, na hapa bondeni mvua zinapoanza hakuna mkulima wa mpunga anayeweza kuzipoteza wiki hizo. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, inayotegemewa na kaya nyingi za wakulima, haikuundwa kubeba mzigo wa namna hii, na hata anayelipiwa matibabu na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya halipiwi palizi. Jumuiya ndogondogo zetu zina desturi ya kuchangia msiba: unga, kuni, turubai, zamu za kulala msibani. Kwa mtu aliyelala Dodoma akiwa na figo moja, zamu hizo zingepangwa katika majaruba yake, na mtu wa kuzipanga angepatikana kabla hajapanda basi.