YUSUF WAWILI: NANI ANA KWAO?



Ndugu wazazi na wanafunzi, kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) tumekisikia tangu chuoni. Mara nyingi tunasimulia subira yake. Leo tutazame usalama wake. Ndugu zake wa damu walimtupa kisimani. Mtu wa Misri aliyemnunua akamwagiza mkewe amkirimu, lakini ilipokuja fitina ya nyumba ile, aliyefungwa jela ni Yusuf, hali ya kuwa hana kosa. Baadaye alipata cheo, ila kisa hakikukamilika mpaka alipowapokea wazazi wake waingie Misri kwa amani.

Yuko Yusuf mwingine, wa riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya hiyo, Paradise, ilitoka 1994, na mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf huyu ana miaka 12. Tajiri anayemjua kama jamaa yake anamchukua kwa treni hadi pwani. Huko Khalil, kijana wa dukani, anamfumbua macho: yule si jamaa, naye ni rehani ya deni la baba yake. Chakula kipo, bustani nzuri ipo, lakini kwao hapana. Mwisho anawakimbilia askari wa Mjerumani, wale wale waliokuwa wakikamata watu.

Kwa nini nasema haya? Majumbani mwetu wamo watoto walioletwa kutoka shamba kwa ahadi ya kusomeshwa. Wanatuita ami na shangazi. Je, wanakula nasi, au wanangoja mabaki? Wetu wakienda skuli, wao wanakwenda wapi? Kitu kikipotea, nani anashukiwa kwanza?

Wengine watasema: tumemlisha na kumvisha, anataka nini zaidi? Jawabu liko katika visa vyote viwili. Usalama unaotegemea hisani ya mwenye nyumba huvunjika siku ya fitina. Mtoto ana kwake pale anapoweza kukosea, akaonywa, na bado akajua hatafukuzwa.

Wanafunzi, someni visa hivi viwili pamoja. Wazazi, usiku wa leo mwiteni yule mtoto sinia moja na wenenu, kisha mumuulize habari za mamake. Na akitaka kuzungumza naye, mpigieni simu.

Wabillahi tawfiq.