Kijana wa miaka 13 na nauli ya mtu mzima



Kurasa za likizo hujaa hoteli na mbuga za wanyama. Familia ya kipato cha kawaida hapa Dodoma inayotaka siku mbili tu za kutembea Dar es Salaam haipati ushauri wa maana.

Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida hadi Dar es Salaam ilitangazwa kuwa Sh31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alipangiwa nusu. Akifika 13, ni mtu mzima. Kwa kiwango hicho, baba, mama na vijana wawili huhitaji Sh248,000 kwenda na kurudi, kabla hata ya kununua maji.

Mjini mambo huwa nafuu. Mabasi ya mwendokasi hufika Kivukoni, na kutoka hapo Makumbusho ya Taifa, yenye magari ya Mwalimu Nyerere, yanafikika kwa miguu. Vijana wakikabidhiwa fedha za mchana wazipangie wenyewe, malalamiko hupungua.

Jioni, Coco Beach haina kiingilio. Mihogo hukaangwa papo hapo, ikapasuliwa, ikatiwa kachumbari na pilipili, watu wakala huku upepo wa bahari ukiwapiga.

Basi, Shirika la Reli litenge nauli ya nusu kwa wanafunzi wa sekondari wenye vitambulisho, walau likizo za Juni na Desemba. Anayewalipia bado ni mzazi yuleyule.

Msomaji,
Dodoma