Mtani Hujibiwa

Ndugu msomaji, yule mwenzako uketiye naye chumba kimoja cha kazi tangu mwaka juzi, kwao ni wapi? Akifiwa kesho, utajua pa kumfuata? Wengi wetu twalijua jina lake na sahihi yake, basi.

Wazee wa Unyanyembe walikabiliana na jambo hili bila ya semina. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Tabora na pembe za ndovu kuelekea Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa frasila 2 hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Walikata nyika ya Ugogo, wakavuka Usagara, wakateremkia kwa Wazigua na Wazaramo: miezi kadhaa katika nchi za watu. Mpagazi aliyeugua njiani hakuwa na mama wala shangazi. Nani angemzika?

Katika njia hiyo ndipo ulipostawi utani wa Mnyamwezi na watu wa pwani. Mzaramo aliweza kumwita Mnyamwezi mtumwa wake, akamchukulia na kuku, asishitakiwe. Na Mnyamwezi naye vivyo hivyo. Lakini msiba ulipotokea, mtani ndiye aliyeshika jembe akachimba kaburi, na ndiye aliyeigiza mwendo wa marehemu hata wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Aliyekucheka ndiye aliyekuzika.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ya miguu ilififia, ila utani ulipanda gari moshi ukashuka bandarini, karakanani na katika mashamba ya mkonge.

Leo maofisini tumebakiza mdomo, jembe tumelitupa. Mkubwa anamfanyia mzaha tarishi mbele ya wageni, naye tarishi anatabasamu kwa kuogopa kibarua chake. Huo si utani, maana utani hujibiwa. Mwingine huwaandama akina mama kwa maneno ya maumbile yao, na akikanywa hujitetea kuwa alikuwa akitania. Mtani wake ni nani hapo, na ni lini alimchimbia mtu kaburi?

Basi anza na jembe, ndugu yangu. Mwenzako akisema mwanawe ana homa, kesho yake muulize mtoto ameamkaje, tena ungoje jibu. Akifiwa, usitosheke kuandika jina lako katika orodha ya mchango. Nenda nyumbani kwake, ukae mkekani, uwajue wazazi wake na watoto wake. Kukiwa na kuni za kupasua, pasua. Ukirudi kazini utaona mzaha wako unapokewa kwa namna nyingine, nawe utarudishiwa mkali zaidi. Uupokee.

Na kama wewe ni Mzaramo na mfiwa ni Mnyamwezi, usiondoke matangani kabla hujadai kuku wako.