"You": Wewe au Ninyi?



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa Kiingereza tutajifunza neno moja dogo. Neno hilo ni "you". Linasomwa "yuu".

Katika Kiswahili hatupati taabu. Mama akiita "njoo", anakuja mtoto mmoja. Akiita "njooni", wanakuja wote. Mtu mmoja ni wewe, watu wengi ni ninyi.

Kiingereza nacho hutenganisha mmoja na wengi. "I" ni mimi, "we" ni sisi. "He" ni yeye mwanamume, "she" ni yeye mwanamke, na "they" ni wao. Lakini wewe ni "you", na ninyi ni "you" vilevile! Hata kitenzi hakisaidii. "You are late" ni wewe umechelewa. Ni ninyi mmechelewa pia. Usiseme "you is" eti kwa sababu mtu ni mmoja. Hilo ni kosa.

Labda utauliza, mambo haya ya darasani yanamhusu nini mkulima? Tuseme mwenyekiti wa kikundi chenu analetewa barua ya Kiingereza: "You will receive ten bags of fertilizer." Kijana anayeisoma lazima achague. Aseme "utapata mifuko kumi ya mbolea" au "mtapata"? Akisema "utapata", mbolea ni ya mwenyekiti. Akisema "mtapata", ni ya kikundi kizima. Ni herufi moja tu, lakini watu wanaweza kugombana mwaka mzima.

Mkopo ni hatari zaidi. Mkataba ukisema "you promise to repay", ni nani anayeahidi kulipa? Mikataba mingi hueleza mwanzoni "you" ni nani. Sehemu hiyo isomwe kwanza, tena polepole. Mingine ina maneno "jointly and severally". Maana yake ni wote pamoja na kila mmoja peke yake. Wenzako wakikimbia, wewe uliyebaki unaweza kudaiwa deni lote. Basi kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, mwulize anayekutafsiria: ni wewe au ni ninyi? Akibabaika, usitie dole.

Waingereza hawakuwa hivi tangu zamani. Mtu mmoja alikuwa "thou", na "you" lilikuwa neno la watu wengi. Baadaye wakaanza kumwambia mkubwa mmoja "you" kwa heshima. Jambo hilo si geni kwa majirani zetu. Katika Kinyanja, lugha ya Malawi, mtoto huambiwa "iwe", lakini mzee huambiwa "inu", yaani ninyi, hata akiwa peke yake.

Kidogo kidogo kila mtu akataka heshima hiyo, na "thou" likawa neno la kumdharau mtu. Mwaka 1603 Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini, mwanasheria wa mfalme, Edward Coke, alimwita "thou" mbele ya mahakama ili kumtukana. Miaka hamsini hivi baadaye, waumini wa dhehebu la Marafiki walikataa ubaguzi huo. Wao walimwambia kila mtu mmoja "thou" au "thee", awe tajiri au maskini. Wengi walichukiwa kwa ajili hiyo. Mwisho "thou" likatoka katika mazungumzo ya kawaida ya watu wengi. Bado utalikuta katika sala, na katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611.

Waingereza wenyewe wanaona pengo hilo. Kusini mwa Marekani watu husema "y'all" wakitaka kusema ninyi. Huko Ireland wengi husema "youse". Ni maneno mazuri ya kuzungumza, lakini usiyaandike katika barua ya kuomba kazi.

Sasa, utajuaje ni mmoja au wengi? Tazama maneno ya jirani. "Yourself" ni wewe mwenyewe. "Yourselves" ni ninyi wenyewe. Hapo Kiingereza hakifichi kitu. "Both of you" ni ninyi wawili, na "all of you" ni ninyi nyote. Tazama pia barua imeanzaje. "Dear Sir" ni ya bwana mmoja, "Dear Sirs" ni ya mabwana wengi. Ikiwa hakuna alama yoyote, mwulize aliyeiandika.

ZOEZI. Andika kwa Kiswahili:

1. You are a farmer.
2. You are farmers.
3. Wash yourselves.
4. You are welcome.

Sentensi ya nne ina majibu mawili. Andika yote mawili. Majibu tutayatoa mwezi ujao.