Haki ya Jirani Katika Mji Mdogo

Katika Kurani Tukufu, Sura An-Nisaa, Mwenyezi Mungu ametuamuru kumtendea wema jirani aliye ndugu na jirani aliye mgeni. Amri hiyo imo katika aya ile ile inayotuamuru kumwabudu Mungu Mmoja na kuwatendea wema wazazi. Mwezi huu twapenda kuitazama kwa macho ya Mwislamu aishiye Mbaha, mwambao wa Ziwa Nyasa.

Mwambao huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012, yenye makao makuu Mbamba Bay. Wanakaa humo Wanyasa, Wampoto, Wamanda na wengineo, na juu milimani wako Wamatengo, wakulima wa kahawa. Waislamu huko ni wachache. Liuli ni kituo cha zamani cha wamisheni wa Kianglikana, na Jimbo Katoliki la Mbinga liliundwa mwaka 1986. Basi Mwislamu huvua dagaa usiku pamoja na Mwanglikana na Mkatoliki, na upepo ukichafuka ziwani hakuna aulizaye dini ya mtu kabla ya kumwokoa.

Kuhusu samaki hakuna ugomvi, kwani Sura Al-Maida imehalalisha vya majini, na dagaa kwa ugali wa muhogo huliwa na wote katika sahani moja. Ugumu huja kwenye nyama ya harusi na ya msiba. Kwa desturi ya miaka mingi katika nchi yetu, Mwislamu huitwa kuchinja ili wote wapate kula. Tusisahau kwamba desturi hiyo ni hisani ya majirani. Huko Buseresere, mkoani Geita, mwezi Februari 2013, mzozo wa nani achinje ulifikia hata mchungaji mmoja akauawa. Ni dini gani inayolindwa kwa kumwaga damu ya jirani?

Kwa hiyo, mwenzetu akiitwa kuchinja mbuzi wa jirani, aende kwa unyenyekevu, wala asidhani amepata ushindi. Asipoitwa, aiache nyama kwa staha pasipo kumwaibisha mwenye nyumba mbele ya wageni wake. Lakini kuhani msiba na kusaidia kuchimba kaburi havimwondokei, kwa kuwa haki ya jirani haiishii kwenye sahani.

Liko na jambo la pili. Katika mji mdogo kila mtu hujulikana. Mfanyabiashara wa dagaa apandaye hadi soko la Mbinga msimu wa kahawa, akipunja sado yake, mnunuzi hatasema fulani ameniibia. Atasema Waislamu ndivyo walivyo. Sura Al-Mutaffifin imewaonya vikali wenye kupunja vipimo. Mahubiri yetu ya mwaka mzima yaweza kubatilishwa na sado moja iliyobonyezwa kitako.

Madina nao, Mtume Mtukufu s.a.w. alipohamia mwaka 622, ulikuwa mji wa makabila na dini mbalimbali. Alifanya mapatano na wakazi wake, wakiwamo Wayahudi, kila watu wabaki na dini yao na wote waulinde mji. Naye ametufundisha kwamba Jibrili alimhimiza sana juu ya jirani, hata akadhani jirani atafanywa kuwa mrithi.

Ndugu zetu, tukitoka msikitini Ijumaa hii, kila mmoja ajiulize: jirani yangu asiye Mwislamu, akiugua usiku, atathubutu kubisha mlango wangu? Kama hatathubutu, yatupasa tuanze kwa kwenda kubisha wa kwake na kumjulia hali.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani wenye kuaminiwa. Aamin.