Maktaba za Mitaa na Usalama wa Wastaafu: Nani Atabisha Hodi?

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya athari. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha, na baadhi yetu tukapata alama nzuri kwayo. Ninalotaka kuuliza katika makala haya ni hili: tahadhari hiyo inapotolewa, humfikia mzee aliyestaafu kwa njia gani, katika lugha gani, na ni nani anayehakikisha kwamba imemfikia?

Swali hili sikulipata vitabuni. Babu yangu alifanya kazi katika karakana ya reli hadi alipostaafu. Wenzake wengi walirejea mashambani, lakini yeye alibaki katika mtaa wa zamani wa mji mmoja ambao jina lake nitalihifadhi. Nyumba nyingi za mtaa huo sasa hukaliwa na wastaafu, wajane na wagane, ambao watoto wao wametawanyika kutafuta riziki. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, babu huenda katika maktaba ndogo ya mtaa. Si mtu wa kuazima vitabu. Husoma gazeti la Taifa Leo kuanzia mwanzo hadi mwisho, hubishana na wenzake kwa sauti ya chini kadiri mkutubi anavyowavumilia, kisha hurudi nyumbani.

Mwishoni mwa Aprili 2024, wakati masika yalipoleta maafa katika sehemu nyingi za Kenya, maji yaliingia nyumbani mwa babu usiku. Aliteleza gizani akaumia nyonga. Simu yake ilikuwa imelowa. Sisi jamaa zake tulimpigia, hatukumpata, tukajipa moyo kwamba shida ni ya mtandao. Majirani walikuwa wakihangaika na maji yao wenyewe. Aliyegundua kwamba kuna jambo ni mkutubi. Siku ya pili yake alipoona kiti cha karibu na dirisha ki tupu, aliwauliza wasomaji, "Mzee wetu wa gazeti yuko wapi?" Hakuna aliyejua. Saa ya chakula cha mchana ilipofika, badala ya kwenda kula alikwenda kubisha hodi. Babu yu hai leo kwa sababu ya hodi hiyo.

Nilipokwenda kumshukuru, mama huyo aliniambia kwamba kazi aliyoajiriwa kufanya ni kutunza vitabu. Wasomaji huwatunza kwa hiari yake. Hana orodha ya wazee wanaoishi peke yao, hana namba za simu za jamaa zao, wala hajawahi kufunzwa afanye nini maafa yakitokea. Alikuwa na kumbukumbu yake tu. Je, angekuwa likizoni wiki hiyo?

Maoni yangu ni kwamba, katika mitaa inayokaliwa na wazee wengi, maktaba haina budi kuhesabiwa miongoni mwa vituo vya kujiandaa kukabiliana na maafa. Hospitali humjua mzee akishaugua. Chifu humjua akiwa na shauri. Maktaba, kwa wale wanaoizoea, ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mzee huonekana siku baada ya siku akiwa mzima, na kwa hiyo ndipo kukosekana kwake kunapoweza kutambulika mapema.

Huenda msomaji akadhani kwamba nimejenga hoja kubwa juu ya kisa kimoja cha bahati. Basi tutazame mbali kidogo. Mnamo Julai 1995, mji wa Chicago nchini Marekani ulikumbwa na joto kali lililosababisha vifo vya watu wapatao 739, wengi wao wakiwa wazee na watu walioishi peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg, katika kitabu alichokitoa mwaka 2002, alilinganisha mitaa miwili inayopakana, yenye umaskini na idadi ya wazee inayokaribiana. Mmoja ulipoteza watu wengi kuliko mwingine. Tofauti ilitokana na maisha ya mtaa: pale penye maduka, njia zenye watu na mahali pa kukutana, wazee walitoka, wakaonekana, wakatafutwa. Mwaka 2018 mtaalamu huyo alitoa kitabu kingine, na humo akaipa maktaba nafasi ya mbele miongoni mwa mahali hapo pa kukutania.

Tukirejea nyumbani, sheria yenyewe imetufungulia mlango. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la maktaba. Jedwali hilo hilo linazipa kaunti huduma za zimamoto na udhibiti wa maafa. Kifungu cha 57 kinataja haki ya wazee kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Mambo haya matatu yamo katika kitabu kimoja. Kinachokosekana ni kuyakutanisha katika chumba kimoja.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika, wala tusijifiche nyuma ya fasihi. Simu ya babu ilipokauka tulikuta arafa ya tahadhari iliyoingia siku chache kabla ya mafuriko. Ilikuwa kwa Kiingereza. Babu alisema, "Niliiona, nikadhani ni tangazo la biashara." Kiingereza chake ni cha karakana: majina ya vyuma na amri za msimamizi. Kiswahili ndicho anachosomea gazeti, nacho, kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Hata hivyo, kutafsiri peke yake hakutoshi. Tukiandika kwamba "mvua ya juu ya wastani inatarajiwa katika baadhi ya maeneo", tutakuwa tumetumia Kiswahili bila kumwambia mzee lolote. Wastani wa nini? Maeneo yapi? Tahadhari inayofaa husema: "Maji yanaweza kuingia nyumbani usiku wa leo. Weka dawa na kitambulisho mahali pa juu. Usilale peke yako. Mwambie jirani aje akuchukue." Hiyo ni kazi ya isimu na ya utunzi, kazi tunayojidai kuiweza.

Wapo watakaosema kwamba maktaba zetu ni maskini na kwamba hufungwa jioni ilhali mafuriko huja usiku. Ni kweli. Lakini matayarisho hufanywa mchana, na daftari la majina halihitaji fedha nyingi. Aidha, maktaba za Kaloleni na Makadara jijini Nairobi, matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, zimekarabatiwa miaka ya hivi karibuni, jambo linaloonyesha kwamba maktaba ya mtaa inaweza kufufuliwa. Wengine watasema wazee hawasomi. Hao hawajawahi kuingia maktaba saa nne asubuhi.

Napendekeza, basi, mambo matatu. Kwanza, kila maktaba ya mtaa iwe na daftari la wazee wanaoishi peke yao, wakijiandikisha kwa hiari, pamoja na namba ya jamaa mmoja. Pili, kaunti iwafunze wakutubi na kuwaambia bayana wampigie nani mzee asipoonekana. Tatu, chama chetu kijitolee, kabla ya masika na kabla ya vuli, kuandika tahadhari kwa Kiswahili chepesi, kuzibandika ubaoni, na kuwasomea kwa sauti wale wenye mtoto wa jicho.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba neno linawafikia wazee kabla hawajaharibikiwa. Mimi nimeanza kwa kuandika namba yangu ya simu na kumpa mkutubi wa babu. Wewe, mwenzangu, umempa nani yako?