Tamko Kuhusu Urithi wa Vinasaba na Kupungua kwa Misuli kwa Wazee wa Kiume



Sisi wataalamu wa afya ya wazee tunazungumzia leo jambo linalowanyima wazee wetu uwezo wa kujitegemea: kupungua kwa misuli na nguvu uzeeni, hali iitwayo kitaalamu sarkopenia. Wanaume wengi hujiambia kuwa ndivyo ukoo wao ulivyo, wakakata tamaa. Wengine hushawishika kununua vipimo vya jeni mtandaoni.

Ni kweli kwamba urithi una sehemu yake. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa takribani nusu ya tofauti za nguvu za mkono baina ya watu hutokana na vinasaba. Mwaka 2021, uchambuzi wa watu 256,523 wenye miaka 60 na zaidi ulibaini maeneo 15 ya vinasaba yanayohusiana na udhaifu wa misuli, kila moja likiwa na mchango mdogo. Lakini wote hao walikuwa wa asili ya Ulaya, hivyo matokeo hayo huenda yasiwahusu wazee wetu moja kwa moja. Hata jeni ya ACTN3, inayosifiwa kuwa ndiyo ya nguvu, haitusaidii sana kueleza udhaifu wa wazee wetu: hali ya kukosa kabisa protini yake humpata takribani mtu 1 kati ya 5 wenye asili ya Ulaya, ilhali ni nadra mno kwa Wakenya na Wanigeria waliopimwa.

Kwa hiyo tunatamka yafuatayo:

1. Mhudumu yeyote wa afya asimwambie mzee kwamba udhaifu wake ni wa kurithi na hauna dawa. Mwaka 1990, huko Boston, Marekani, wazee dhaifu 9 wenye umri wa takribani miaka 90 walikamilisha wiki 8 za mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

2. Kila zahanati impime mzee kwa kiti. Akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara 5. Akizidisha sekunde 15, afanyiwe uchunguzi zaidi.

3. Familia zihakikishe sahani ya baba haiishii kwenye ugali na mchuzi. Apate maharage, dagaa, mayai au maziwa kila siku, na aanzishiwe mazoezi ya nguvu chini ya uangalizi.

4. Wananchi wasitumie fedha kununua vipimo vya jeni kwa ajili ya tatizo hili. Kwa sasa majibu ya vipimo hivyo hayabadilishi matibabu.

5. Serikali na vyuo vikuu vyetu vigharamie utafiti wa vinasaba vya wazee wa Afrika, kwa ridhaa yao, na matokeo yarudishwe kwao.

Baba aliyelima, aliyevua na aliyebeba mizigo ili tusome anastahili kusaidiwa asimame kwa miguu yake mwenyewe. Uwezo wa kumsaidia tunao leo, hata kabla ya jeni zake kusomwa.

Limetolewa na Kamati Tendaji ya wataalamu wa afya ya wazee, kwa niaba ya wanachama wote.